Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe

Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe ni nyimbo za muziki wa dansi zilizotungwa na kuimbwa na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 – 12 Januari 1979), mwimbaji na mpiga gitaa la solo aliyejenga jina lake mjini Morogoro, Tanzania. Alizirekodi kwanza akiwa na Morogoro Jazz Band, kisha akiwa na bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Baadhi ya zile zinazojulikana zaidi ni "Shida", "Penzi la Mashaka", "Esther", "Regina", "Pesa No. 1", "Jogoo la Shamba", "Mashemeji Wangapi", "Nisalimie Wana Zaire", "Expo 70" na wimbo wa maombolezo ya Dk. Kleruu.

Nyimbo hizi zina nafasi ya pekee katika historia ya muziki wa Tanzania kwa sababu mbili. Kwanza, zilimfanya mwanamuziki mmoja ajulikane kwa jina lake katika enzi ambayo wasikilizaji walizoea kutaja jina la bendi. Pili, zilienea Afrika Mashariki nzima bila msaada wa video, kwa njia ya redio, santuri na maonyesho ya ukumbini tu. Kwa hiyo anayetaka kuzitathmini leo hana picha ya kumsaidia. Ana maneno, sauti na gitaa.

## Morogoro na bendi zake

Mji wa Morogoro uko chini ya Milima ya Uluguru, takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1907, na barabara kuu za kwenda Dodoma na Iringa huachana hapo. Wenyeji wa milimani ni Waluguru, lakini reli na mashamba ya mkonge vilileta wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya wote mjini. Mji wa namna hiyo ulifaa sana kwa muziki wa dansi. Watu waliotoka mbali walihitaji mahali pa kukutana Jumamosi jioni, na nyimbo zilizoimbwa kwa Kiswahili hazikuwa za kabila moja.

Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Kama bendi nyingine za zamani zilizojiita "jazz", haikupiga jazz ya Kimarekani. Msingi wake ulikuwa rumba, iliyofika Afrika Mashariki kwa santuri kutoka Kuba na baadaye kwa bendi za Kongo. Mpinzani wake mkubwa mjini alikuwa Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah Yazidu, aliyejulikana kwa kifupi kama SAY, mtunzi wa "Ngoma Iko Huku". Mji mmoja usio mkubwa ulikuwa na bendi mbili zilizosikika nchi nzima, na ushindani huo ulizilazimisha kutunga nyimbo mpya mara kwa mara.

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, naye akawa mshindani wa Mbaraka, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusikika.

## Maisha ya mtunzi kwa ufupi

Mbaraka alizaliwa Mzenga, wilaya ya Kisarawe, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Pwani. Aliingia katika muziki akiwa kijana na kujiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Baada ya muda mfupi akawa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Wapenzi wa muziki walimpa jina la "Soloist National" kwa jinsi alivyolipiga gitaa lake.

Mwaka 1970 alikwenda Japani na wenzake kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano. Hatua hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana leo. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri mwenye bendi. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na sauti yake na vidole vyake, akaanza upya kutafuta magitaa, vipaza sauti na watu wa kumfuata.

Miaka ya mwisho ya maisha yake alifanya kazi nyingi nchini Kenya. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki mjini Mombasa kufuatia ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34. Hivyo Morogoro ilipoteza vinara wake wawili wa muziki barabarani katika muda usiozidi miaka kumi na minne.

## Fani

### Muundo

Nyimbo nyingi za Mbaraka zina sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole: magitaa hufungua, mwimbaji hueleza kisa beti kwa beti, na waitikiaji humpokea. Ya pili ni ile ambayo wanamuziki wa dansi huiita "chemko". Hapo mwendo huongezeka, maneno hupungua, na gitaa la solo huchukua nafasi ya mwimbaji huku wachezaji wakijimwaga ukumbini.

Muundo huu uliendana vizuri na santuri ndogo za wakati ule. Upande mmoja haukutosha kwa wimbo mzima, hivyo wimbo uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji aligeuza santuri katikati. Upande wa kwanza mara nyingi ndio uliobeba ujumbe, na wa pili ukabeba dansi. Ukumbini hapakuwa na mipaka hiyo, na chemko liliweza kuendelea kadiri watu walivyolitaka.

### Sauti na gitaa

Sauti ya Mbaraka haikuwa ya kujionyesha. Aliimba kwa utulivu, akitamka kila neno wazi, karibu na mtu anayezungumza na jirani yake barazani. Hata wimbo wa huzuni haupigi kelele. Uchungu hutokea katika kuvuta neno la mwisho wa mstari na katika ukimya mfupi unaofuata.

Ukimya huo hujazwa na gitaa. Kwa kuwa mwimbaji na mpiga solo alikuwa mtu mmoja, gitaa hujibu sauti kama mtu wa pili katika mazungumzo: mwimbaji husema, nyuzi hurudia wazo hilo kwa njia nyingine. Nyuma yake kuna gitaa la kati na la ridhimu, besi, ngoma na, katika rekodi kadhaa, saksofoni. Yule anayesikiliza kwa makini ataona kwamba solo halianzi kwenye chemko, bali limekuwepo tangu ubeti wa kwanza likisubiri zamu yake.

### Lugha

Kiswahili cha nyimbo hizi ni cha kila siku, chenye methali na misemo ambayo msikilizaji anaijua tayari. "Jogoo la Shamba" inachukua jina lake kutoka methali isemayo kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Mtunzi anapotaja maneno matatu tu, msikilizaji hujimalizia mwenyewe. Katika mji kama Morogoro, uliojaa watu waliotoka mashamba na milimani kutafuta kazi, methali hiyo iliwagusa wengi.

### Mitindo

Bendi za Tanzania zilitambulishana kwa majina ya mitindo yao ya kucheza. Morogoro Jazz ilitumia majina kama "Likembe" na "Sululu", na Super Volcano ikaja na "Masika". Jina la mtindo lilikuwa kama bendera ya bendi. Shabiki aliweza kumtambua mpinzani wake kwa mtindo anaoutaja kabla hajasikia wimbo wowote.

## Maudhui

### Mapenzi

Nyimbo za mapenzi ndizo nyingi zaidi. "Esther" na "Regina" zinafuata desturi ya rumba ya kumtaja mwanamke kwa jina na kumweleza hoja moja kwa moja. "Penzi la Mashaka" inaonyesha upande mwingine, yaani mapenzi yasiyo na uhakika, ambayo mtu hawezi kuyaacha wala kuyaamini. Mapenzi ya nyimbo hizi si ya ndotoni. Yana ndugu, wakwe, majirani, fedha na maneno ya watu.

"Mashemeji Wangapi" ni mfano mzuri wa ucheshi wake. Jina lenyewe ni swali. Shemeji ni mtu wa kuheshimiwa na kukaribishwa nyumbani bila kuulizwa, hivyo neno hilo linapozidi kutumiwa linageuka kuwa kificho. Wimbo unachekesha kwa sababu kila msikilizaji anajua ni swali gani linaloulizwa chini ya swali hilo.

### Dhiki na fedha

"Shida" ndio wimbo wake uliovuka mipaka zaidi. Uliuzwa sana nchini Kenya, na mpaka leo ni kati ya nyimbo za kwanza kutajwa anapozungumziwa Mbaraka. Hauhusu mapenzi, bali dhiki yenyewe na jinsi inavyomsukuma mtu. Uzito wake unatokana na mambo mawili. Mtunzi hamlaumu maskini kwa umaskini wake, wala hampi matumaini ya uongo. Anayataja mambo kama yalivyo, kwa mwendo wa polepole, halafu anaacha gitaa liendelee.

"Pesa No. 1" iko karibu na wimbo huo kwa mada, lakini inageukia kwa jamii inayotanguliza fedha mbele ya kila kitu. Ni jambo la kukumbukwa kwamba nyimbo kama hizi zilisikika wakati siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, ilikuwa ikifundisha usawa. Redio ileile iliyotoa hotuba hizo ilipiga pia nyimbo za watu wasio na kitu mfukoni.

### Matukio ya nchi

Mbaraka alitunga pia nyimbo za kumbukumbu. Tarehe 25 Desemba 1971 Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima wakati wa kampeni ya vijiji vya Ujamaa. Tukio hilo liliishtua nchi, na Morogoro Jazz ikatoa wimbo wa maombolezo. Wimbo wa aina hii ulifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na manju na malenga, yaani kulitaja jina la marehemu mbele ya umma ili lisisahauliwe.

"Expo 70" ni kumbukumbu ya safari ya Osaka. "Nisalimie Wana Zaire" inaelekea upande wa pili, kwa majirani wa magharibi ambao muziki wao ulikuwa mwalimu na mshindani wa muziki wa Tanzania kwa wakati mmoja.

## Redio, santuri na mpaka

Mwanamuziki wa Tanzania wa miaka ya 1960 na 1970 alikuwa na njia mbili za kurekodi. Ya kwanza ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilizirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, na nyimbo zilisikika kila kona ya nchi, lakini hazikuuzwa madukani. Njia ya pili ilikuwa santuri. Hizo zilitengenezwa Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri.

Hivyo kazi za Mbaraka ziligawanyika tangu mwanzo. Sehemu moja iko katika kanda za redio ya taifa Dar es Salaam, na nyingine iko kwa kampuni za santuri zilizokuwa Nairobi. Kwa baadhi ya nyimbo za dansi za enzi hiyo kuna rekodi zaidi ya moja zenye tofauti za urefu, sauti na hata maneno. Mtu anayebishana na mwenzake kuhusu "wimbo halisi" huenda wote wawili wako sawa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mwanamuziki aliyekuwa na wapenzi wake Tanzania na kiwanda cha santuri zake Kenya, hili halikuwa jambo la wanasiasa peke yao. Liligusa mkate wake. Kifo chake kilimkuta Mombasa katika kipindi hichohicho.

## Nyimbo zisizo na picha

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, miaka kumi na mitano baada ya kifo cha Mbaraka. Kwa sababu hiyo vizazi vilivyofuata vinamjua kwa sauti na kwa picha chache za mnato, hasa za majalada ya santuri. Video nyingi zinazoonekana leo mtandaoni zikiwa na nyimbo zake ni picha hizohizo zilizopangwa juu ya sauti, si filamu za maonyesho yake.

Hali hiyo ina hasara na faida. Hasara ni kwamba tumepoteza namna alivyosimama jukwaani, alivyolishika gitaa na jinsi ukumbi ulivyomjibu. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu muziki wa dansi ulitungwa uchezwe, na santuri inaonyesha nusu yake tu. Faida ni kwamba maneno yamelazimika kubeba kisa chote. Siku hizi video inaweza kumwonyesha mtazamaji nyumba, nguo na machozi ya wapenzi wanaogombana. Mbaraka alipaswa kuyajenga hayo yote masikioni, na mafundi wa kutunga kwa njia hiyo hawakuwa wengi.

## Tathmini

Nguvu kubwa ya nyimbo hizi ni uwiano. Ujumbe hauzimi muziki, na muziki haufuniki ujumbe. Msikilizaji anaweza kucheza "Shida" au kukaa chini na kuifikiri, na wimbo unamfaa katika hali zote mbili. Ubora mwingine ni lugha. Mwanafunzi wa leo anaelewa karibu kila neno, ingawa nyimbo zina umri wa miaka hamsini hivi.

Upungufu upo pia. Katika nyimbo za mapenzi mwanamke huonekana mara nyingi kwa macho ya mwanamume anayemsifu au kumlalamikia, na yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kujibu. Hii ilikuwa kawaida ya bendi za wakati ule, ambazo waimbaji wake karibu wote walikuwa wanaume, lakini ni vema msomaji wa maudhui ailione. Aidha, muundo wa sehemu mbili ulirudiwa mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya chemko zinafanana, na baadhi ya nyimbo za matukio hazieleweki vizuri bila kujua historia yake.

## Urithi na haki za nyimbo

Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa "Ukumbusho". Karibu na mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa mkusanyiko wa "Masimango", pamoja na mwingine wa Salum Abdallah wenye jina la "Ngoma Iko Huku". Mikusanyiko hiyo iliwafikisha wanamuziki wawili wa Morogoro kwa wasikilizaji wa Ulaya na kwingineko.

Umaarufu huo unaibua suala la nani mwenye wimbo. Mtunzi ni mmoja, lakini bendi ilikuwa na wapigaji wengi, redio ina kanda, na kampuni ya santuri ina mkataba. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, miaka ishirini baada ya Mbaraka kufariki. Sheria hiyo hulinda kazi ya mtunzi hata baada ya kifo chake kwa ajili ya warithi wake. Hata hivyo, kulipwa kunahitaji kumbukumbu: nani alitunga, nani alipiga, lini, na kwa makubaliano gani. Bendi nyingi za zamani hazikuandika mambo hayo. Ndiyo maana majina ya wapigaji wa besi, ridhimu na saksofoni, ambao bila wao nyimbo hizi zisingekuwepo, hutajwa mara chache au hayatajwi kabisa.

Mjini Morogoro muziki haukuisha. Kizazi cha Bongo Fleva kilimleta Afande Sele, msanii wa kufoka aliyeshinda taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, na Belle 9, mwimbaji wa nyimbo za mapenzi za polepole aliyejulikana kwa "Sumu ya Penzi". Wasanii hawa hawana bendi nyuma yao, nyimbo zao hutoka studio, na hadhira huwaona kwa video. Njia ya mwimbaji mmoja anayebeba wimbo kwa jina lake mwenyewe, ambayo wao wameikuta wazi, ilifunguliwa kwa sehemu kubwa na mpiga solo aliyeondoka Morogoro Jazz mwaka 1973.

## Tazama pia

- Morogoro Jazz Band
- Cuban Marimba Band
- Salum Abdallah
- Juma Kilaza
- Muziki wa dansi
- Milima ya Uluguru
- Bongo Fleva